Shangazi, mbwa akiondoka nitapumzika kweli?

BARUA

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Machame, mlimani Kilimanjaro. Nina miaka 37, nina mume na watoto watatu. Wa kwanza ni binti, yuko darasa la saba. Wa pili ni mvulana wa miaka 9. Wa mwisho ana miezi 7 na bado ananyonya. Tunaishi kwenye kihamba cha wazazi wa mume wangu kwa sababu yeye ndiye kitinda mimba, na kwa desturi yetu nyumba ya wazazi hubaki kwake. Baba mkwe alishatangulia mbele ya haki. Mama mkwe yupo, ana umri mkubwa na presha, lakini ndiye anayeshinda na mtoto mchanga nikiwa kazini, na kwa hilo namshukuru kila siku.

Tuna ng'ombe mmoja wa maziwa, kuku kama kumi na tano, paka mmoja na mbwa mmoja anayeitwa Simba. Simba tulimchukua akiwa hajafungua macho vizuri, mwanangu wa kiume akiwa na miaka minne. Wamekua pamoja.

Naomba nikueleze siku yangu moja kama ilivyo, bila kuongeza chumvi, halafu ndiyo nikuulize.

Naamka saa kumi na nusu alfajiri. Namnyonyesha mtoto, nawasha moto, nabandika maji. Saa kumi na moja naingia bandani na tochi. Nasafisha kwanza, namwekea ng'ombe majani na pumba, nakamua. Paka huwa ameshakaa pembeni ananisubiri, ananitazama mikono tu. Hilo ni jambo dogo lakini asubuhi zenye baridi mimi humsemesha, kwa sababu ndiye pekee aliyeamka. Natoka bandani saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. Hapo ni chai, uji wa mtoto, sare za watoto, dawa ya mama mkwe, kuoga. Saa kumi na mbili na dakika 35 nabeba begi la madaftari na dumu la maziwa, nateremka hadi barabarani. Simba hunisindikiza. Njia yetu inapita katikati ya migomba na kukiwa na ukungu huoni hatua tano mbele. Anatangulia, anasimama, ananingoja, anatangulia tena. Nikishakabidhi maziwa na kupanda bodaboda, anageuka nyumbani mwenyewe. Hajawahi kukosa hata siku ya mvua.

Saa moja na robo nasaini kitabu cha mahudhurio. Darasa langu lina wanafunzi 64. Saa sita matiti yanakuwa yamejaa mpaka yanauma, naingia chooni, nakamua na kumwaga. Nasikia vibaya kukuandikia hili lakini ndivyo ilivyo.

Natoka saa tisa na nusu, nafika nyumbani saa kumi na robo. Mtoto ananidaka, ananyonya. Saa kumi na nusu nachukua panga nakwenda kukata majani, nikirudi nakamua tena, mpaka saa kumi na mbili na nusu. Baada ya hapo ni jikoni. Mama mkwe hawezi kula kila kitu, kwa hiyo mara nyingi ni sufuria mbili, mtori wake na chakula chetu. Binti ananisaidia kuosha vyombo na kumbeba mdogo wake. Ukoko wa ugali nauchanganya na dagaa, nampa Simba na paka, nasuuza bakuli zao. Ni kama robo saa. Saa tatu nafungua madaftari. Nalala saa tano, nikiwa na bahati. Mtoto huamka mara mbili usiku.

Mume wangu si mtu mbaya, Shangazi, naomba usimfikirie hivyo. Ni seremala, ana karakana yake Moshi mjini. Anatoka nyumbani saa moja na nusu na kurudi saa mbili usiku. Kahawa na migomba anashughulikia yeye, na Jumamosi anateremka shamba la mahindi tambarare. Halewi. Hajawahi kuninyanyulia mkono.

Sasa tatizo. Wiki iliyopita mvua ilinyesha mfululizo, uani kote ni tope. Jioni nimetoka bandani na ndoo ya maziwa, Simba akaja mbio kwa furaha yake ya kila siku, akapita katikati ya miguu yangu. Nilianguka. Maziwa yote yakamwagika. Shangazi, sijui nini kilinipata. Nilinyanyuka nikampiga Simba teke la mbavuni kwa nguvu zangu zote, na nikapiga kelele, "Leo nitakuua!" Alilia kama mtoto. Nilipogeuka, mwanangu alikuwa amesimama mlango wa jikoni. Hakusema kitu. Nilirudi bandani nikakaa kwenye kigoda nikalia mpaka ng'ombe akaanza kunilamba bega.

Kesho yake mchana mwanangu alimkumbatia Simba, nadhani akamgusa palepale penye maumivu. Simba akamng'ata kiganjani. Matundu mawili, damu ikatoka. Mama mkwe alimsuuza kwa maji akampaka utomvu wa mgomba. Kidonda kimeanza kukauka, leo ni siku ya tano.

Mume wangu aliposikia alisema Simba anaondoka Jumamosi, anapelekwa kwa mzee anayelinda mahindi tambarare. Na paka naye, kwa sababu amezaa watoto wanne ndani ya kapu la nguo za mtoto. Aliniambia, "Mke wangu, unajichosha na wanyama. Watoe, upumzike." Alisema kwa upole. Tangu usiku ule mwanangu hali vizuri, na mara mbili amekojoa kitandani, jambo aliloliacha miaka mingi.

Je, nikubali waondoke? Labda mume wangu ana haki, nimejitwika mizigo isiyo ya lazima. Au mimi ndiye nimeshindwa kuwa mama? Wenzangu mbona wanaweza?

Mama wa Watatu, Machame

JAWABU

Marahaba mwanangu.

Barua yako ilinifikia siku moja tu baada ya kuiandika, na jioni hiyohiyo nilikujibu faragha kuhusu kidonda cha kijana kwa sababu hilo halikuweza kungoja safu. Nimefurahi kusikia mlimpeleka hospitali asubuhi iliyofuata na sindano ya kwanza ameshapata. Narudia hapa nilichokwambia, maana najua ziko nyumba nyingi zenye mbwa na utomvu wa mgomba.

Mtoto aking'atwa na mbwa, hata mbwa wa nyumbani, hata kidonda kikiwa kidogo kama tundu la sindano, kioshwe palepale kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima. Si kusuuza. Simama na saa. Usipake utomvu, majivu, pilipili wala mafuta ya taa. Halafu hospitali siku hiyohiyo, daktari aamue kuhusu chanjo. Kichaa cha mbwa huweza kujificha mwilini wiki au miezi bila dalili yoyote, na dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Kabla ya hapo chanjo humwokoa mtu. Wewe ni mwalimu, basi wasimulie wanafunzi wako: mtoto wa kwanza kuokolewa kwa chanjo hiyo ya Louis Pasteur kule Ufaransa, Julai 1885, aliitwa Joseph Meister, na alikuwa na miaka 9 kama mwanao. Aliishi mpaka utu uzima. Tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Pasteur, ndiyo Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Sindano zilizobaki zina tarehe zake kwenye kadi. Usiruke hata moja, hata kidonda kikiwa kimefunga kabisa.

Na hapa ndipo nilipokuomba umzuie baba watoto asimpeleke Simba popote Jumamosi. Mbwa aliyemng'ata mtu hutazamwa siku 10. Akizimaliza akiwa hai na mzima, anakula na kunywa kama kawaida, ina maana siku alipong'ata mate yake hayakuwa na ugonjwa. Akipelekwa tambarare kwa mzee anayelinda mahindi, nani atakayemtazama? Akipotea au akiuawa, daktari amekosa habari muhimu kuliko zote. Kwa hiyo katika siku hizi mbwa anabaki kwa ajili ya mtoto. Mfungeni mahali penye kivuli, mtu mzima ndiye amlishe, watoto wamwone kwa mbali.

Sasa nije kwenye swali lako lenyewe.

Nilichukua kalamu nikaisoma barua yako mara ya pili, nikawa naandika dakika pembeni. Umenieleza siku inayoanza saa kumi na nusu alfajiri na kuisha saa tano usiku. Ni saa 18 na nusu umesimama, na kinachobaki unakigawana na mtoto anayeamka mara mbili. Katika saa hizo, Simba na paka wanachukua robo saa. Robo saa tu, mwanangu, umeandika mwenyewe. Ng'ombe anachukua dakika 50 asubuhi na saa mbili jioni. Tena robo saa ya Simba uko jikoni tayari, na ukoko ungeutupa. Wakiondoka wote wawili Jumamosi, Jumatatu utaamka saa kumi na nusu ileile, ila utateremka barabarani peke yako kwenye ukungu, na panya watashangilia kwenye gunia la mahindi.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana, usikubali waondoke kwa sababu ya mapumziko, kwa kuwa mapumziko hayako kwao.

Sisemi ng'ombe auzwe. Najua ng'ombe wa bandani ni nini kwa nyumba ya mlimani, samadi yake ndiyo migomba na kahawa ya mwaka kesho, na fedha ya maziwa haingoji mwisho wa mwezi kama mshahara. Ila nimeona kitu kwenye barua yako ambacho wewe umekiandika na kukipita. Umesema unatoka nyumbani saa kumi na mbili na dakika 35. Umesema mume wako anatoka saa moja na nusu. Kati ya hapo kuna karibu saa nzima, kila siku ya kazi, ambayo katika nyumba yenu haina mwenyewe. Mke ameshaondoka, ng'ombe ameshakamuliwa, banda limesafishwa, chai iko mezani.

Kwenye saa hiyo banda linaweza kusafishwa, na majani ya jioni yanaweza kukatwa. Kukamua asubuhi baki nako kwa sasa, kwa kuwa maziwa yanateremka na wewe barabarani. Lakini ukimkuta ng'ombe ana majani yake saa kumi na robo jioni, kazi yako ni kukamua tu, na saa kumi na moja na nusu hivi umekaa chini na mtoto wako. Na Jumamosi baba watoto akiwa tambarare, mabua ya mahindi yakishavunwa apandishe mzigo wa kutosha, mkaushe na kuhifadhi juu ya banda. Siku za tope hakuna atakayelazimika kwenda na panga.

Najua kuna watakaosema maziwa na ng'ombe wa bandani ni mambo ya akina mama. Nimekulia kwenye maneno hayo. Lakini waliougawa ulimwengu namna hiyo hawakumwona mwanamke mwenye madaftari 64 begani. Kazi zako za mama wa zamani zimebaki zote, na juu yake imewekwa ajira, mshahara wenyewe unaingia kwenye nyumba hiyohiyo. Ukiniuliza wenzako wanawezaje, nitakwambia hawawezi. Wanaanguka na ndoo zao, hawaandiki tu. Napokea barua, najua.

Kuhusu baba watoto, nimekuamini uliposema si mtu mbaya. Tena nimelipenda neno lake moja: alikuona umechoka. Wanaume wengi hawafiki hapo. Ameona maradhi sawasawa, ameandika dawa isiyo yake. Kwa hiyo usiende kwake na lawama, nenda na saa. Mngoje Jumapili baada ya kanisa, ameshakula, mama mkwe yupo. Mwambie, "Baba watoto, umeniona nimechoka, nakushukuru kwa kuniona. Naomba nikuhesabie siku yangu." Kisha msomee, kama ulivyonisomea mimi, kuanzia kigoda cha bandani. Usilie wala usiongeze. Ukifika mwisho, omba mambo mawili tu, banda na majani. Mtu akiombwa mambo tisa anasikia kelele, akiombwa mawili anasikia mawili.

Nataka mama mkwe awepo kwa sababu zangu. Yeye ndiye mwenye nyumba hiyo kwa heshima, na huyo ni mtoto wake wa mwisho. Neno moja la mama, "Mwanangu, shika jembe la banda," lina uzito kuliko hotuba yangu nzima. Tena ameshinda na mjukuu wake kila siku miezi yote hii, anajua kulea ni nini. Kabla ya Jumapili, kaa naye. Mtangulize yeye, mweleze kwanza, mwombe shauri kama binti anavyomwomba mama yake. Usimshtukize.

Jambo la saa sita mchana limeniumiza zaidi ya ndoo iliyomwagika. Unaingia chooni kukamua maziwa ya mwanao na kuyamwaga. Mwanangu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mama anayenyonyesha nafasi ya kumnyonyesha mtoto wake ndani ya saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Hii ni haki yako, hutaomba hisani. Andika barua fupi kwa mwalimu mkuu, taja umri wa mtoto, pendekeza namna: pengine vipindi vyako viwekwe asubuhi ili siku ambazo si za zamu utoke mapema. Bakisha nakala. Mwalimu mkuu mwenye busara atakaa nawe mpange ratiba, na akisita, mwakilishi wa chama chenu cha walimu yupo kwa kazi hiyo. Ukitoka saa saba na nusu au saa nane badala ya saa tisa na nusu, hebu jifikirie uko nyumbani, mtoto kifuani, jua bado liko juu ya migomba. Siku ambazo haitawezekana, usikamue chooni. Omba kona ya ofisi au stoo ya vitabu yenye mlango, nawa mikono, kamua kwenye chombo safi chenye mfuniko. Kwa baridi ya kwenu maziwa ya mama hukaa saa nne bila friji na mtoto akayanywa. Hayo si ya kumwaga.

Binti yako, nakuomba, usimwongezee. Najua yuko karibu na ana mikono myepesi, na kila nyumba yenye binti mkubwa hujikuta imemfanya mama mdogo bila kukusudia. Septemba ana mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Vyombo na kumbeba mdogo wake vinatosha. Kaka yake ana miaka 9, mikono yake haina ugonjwa wowote, aanze kuosha sahani yake na ya bibi yake, kuokota mayai, na kujaza maji ya kuku. Mtoto wa kiume akiyajua haya sasa, hatakuwa na saa isiyo na mwenyewe atakapooa.

Madaftari nitayapita haraka kwa kuwa wewe ndiye mwalimu. Si kila zoezi lazima lifike nyumbani. Mengine wanafunzi wabadilishane na kusahihishana ubaoni mkiwa pamoja, yale ya kuandika insha tu ndiyo uyabebe.

Turudi kwa wanyama, maana nikisema wabaki sijasema wabaki kama walivyo. Hukuandika popote kwamba Simba amechanjwa, na mtu aliyechanja mbwa huwa hakosi kulitaja akieleza habari ya kung'atwa. Siku 10 zikiisha salama, mtafute afisa mifugo wa kata. Mbwa huchanjwa kuanzia umri wa miezi 3 na kurudiwa kila mwaka, na paka vilevile, maana paka naye huweza kuupata ugonjwa huo na kuuambukiza. Andikeni tarehe kwenye mlango wa banda kwa rangi, isisahaulike. Hivyo vitoto vinne vya paka viacheni vinyonye wiki nane, kwenye boksi, kapu la mtoto lirudi kwa mtoto. Baada ya hapo hutapata shida kuvigawa. Mlimani kila mwenye stoo ya mahindi anatafuta paka. Na Simba mwenyewe, sidhani mnajua kazi anayoifanya mpaka siku nguchiro atakapokuta uani hakuna mtu. Kuku kumi na tano hawalindwi na kofuli.

Nimebakiza lile teke mpaka mwisho kwa sababu naona ndilo lililokufanya ushike kalamu, ingawa umeuliza mambo mengine.

Ulikosea. Sitakupunguzia, na sidhani unataka nikupunguzie. Nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inayokataza ukatili kwa mnyama, lakini hata isingekuwepo, ulikisikia kile kilio. Ulichompiga hakikuwa mbwa tu. Ulipiga saa 18, na choo cha saa sita, na tope, na maziwa ya watu yaliyokuwa yameshahesabiwa. Simba alikuwa ndiye aliyekuja mbio kukupokea, akawa ndiye aliye karibu. Na mwanao ameona kwamba katika nyumba yenu anayekupenda na kukukimbilia anaweza kupigwa, kisha akifanya kosa kwa maumivu yake, anafukuzwa. Ana miaka 9, ana mdogo wake mchanga aliyechukua mapaja ya mama, usiku analala akiwaza nani anafuata. Ndiyo maana kitanda kinalowa. Usimwaibishe kwa hilo, badilisha shuka kimyakimya. Ikiendelea wiki kadhaa, mwambie daktari siku ya sindano.

Kwenu Uchagani mkosefu hufika na jani la sale mkononi, na aliyekosewa akiliona hujua mtu amekuja kwa amani. Wazee wamesuluhishwa kwa jani hilo kwa makosa makubwa kuliko teke. Masale yako mpakani mwa kihamba chenu, huhitaji kwenda mbali. Kata jani moja, mwite mwanao mkakae wawili, bila baba, bila dada. Mweleze kwamba ulikuwa umechoka sana, kwamba kuchoka hakukukupa ruhusa, kwamba Simba hakukosa alipokuja mbio na yeye mwanao hakukosa alipomkumbatia. Mwombe radhi kwa jina lake. Mwambie wazi kwamba Simba haendi tambarare, lakini useme hivyo baada ya Jumapili, ukishakubaliana na baba yake, mtoto asipewe ahadi itakayovunjwa.

Siku ya kumi na moja, Simba akiwa mzima, mfungueni. Jioni hiyo mpe kijana bakuli la ugali na dagaa alipeleke yeye, wewe ukiwa umechuchumaa pembeni. Mwonyeshe mahali pa kumshika, kifuani na nyuma ya masikio, asimwinamie akiwa anakula, asimguse mbavu za upande ule mpaka uvimbe uishe. Nawe nyoosha mkono wako, ukae hivyo, umngoje aje mwenyewe.

Shangazi